Boksi la mbao halina hata mkwaruzo, gia boksi ndani imepasuka mdomo. Imekuwaje?

#1 SpanaKumi
Wakuu, salaam. Naomba tusaidiane kufikiri, maana siku tatu sasa naizunguka hii gia boksi na sipati jibu.

Ni ya otomatiki, imetumika, kilo 80 na ushee. Imesafiri kwa meli wiki kama saba kwenye kontena la kuchangia. Ilipofika boksi la mbao lilikuwa zima: kona zote zimekaa, hakuna ubao uliovunjika, hakuna msumari uliochomoka. Nikang'oa kifuniko, nikaikuta imelala, imezungushiwa nailoni ya mapovu na kufungwa mikanda miwili. Nikaitoa, nikaifuta, ndipo nikaona ufa kwenye ule mdomo mpana unaokutana na injini. Unaanzia kwenye tundu la bolti la chini kushoto, unapanda urefu wa kidole cha kati, unapotelea nyuma ya ubavu wa kuimarishia.

Aliyefunga anasema ilitoka nzima na picha anazo, ila mdomo hauonekani kwenye picha hata moja. Msafirishaji anasema boksi halina alama, hahusiki. Kilichopasua ni nini? Nauliza pia kwa sababu nina nyingine mbili na injini moja zinazosubiri safari, na sitaki kurudia kosa nisilolijua.

#2 NyundoLaini
Imeangushwa. Usitafute mchawi.

Boksi likishuka bapa kwa sakafu yake kutoka kwenye ngazi ya gari, hata sentimita 30 tu, mbao hazivunjiki. Boksi linasimama ghafla, kilo 80 za ndani bado zinaenda chini. Kitakachopokea pigo ni kile kilichogusa mbao kwanza. Boksi zima si ushahidi kwamba halikuanguka.

#3 MamaSpea
Kabla hatujahukumu: ilikaa vipi ndani? Mdomo chini, ubavu, au imelalia sampu (lile bakuli la oili la chini)? Mikanda ilipita wapi? Na toki konveta (ile ngoma inayokaa kati ya injini na gia boksi) ilikuwa ndani yake au ilitolewa?

#4 SpanaKumi
@MamaSpea ilikuwa imelalia sampu. Chini kuna vipande viwili vya mbao, kimoja mbele kimoja mkiani. Mkanda mmoja umepita mkiani, wa pili umepita juu kabisa ya mdomo, ukakazwa kwa ratcheti (kikazio cha mkanda chenye mkono) kwenye sakafu ya boksi. Toki konveta ilikuwa ndani, haijafungwa na kitu.

#5 MzeeWaDifu
Basi mimi nimeshajibiwa, na si kuanguka.

Mdomo wa gia boksi ni alumini ya kumimina. Una nguvu sana ukishafungwa kwenye injini kwa bolti zake zote, kwa sababu injini inaushika mduara mzima. Ukiwa wazi ni kama bakuli lisilo na kifuniko: ukilibana kwa juu, mduara unataka kuwa yai. Mkanda wa ratcheti una nguvu kuliko watu wanavyofikiri. Mtu mzima akining'inia kwenye mkono wake kwa hasira, anauvuta mdomo kwenda chini kwa mamia ya kilo. Halafu unaiacha hivyo wiki saba, juu ya meli inayotetemeka mchana na usiku. Ufa lazima uanzie kwenye tundu la bolti, maana pale chuma ni chembamba na nguvu zote zinakusanyika. Angalia ulipoanzia wako.

Toki konveta isiyofungwa nayo ni hatari. Ukiinamisha gia boksi inateleza mbele, inachomoka kwenye pampu ya oili. Mtu akija kuirudisha bila kuizungusha mpaka iingie meno yote, siku ya kufunga injini pampu inavunjika. Weka kipande cha bapa kwenye matundu mawili ya mdomo, kiizuie isitoke. Dakika tano tu.

#6 Kadibodi
Nimeweka kambi hapa. Uzi mtamu.

#7 RubaniWaFoklifti
Mimi kazi yangu ni kubeba haya maboksi, nanyi mnasahau kitu kimoja. Boksi likikosa miguu mirefu chini, uma wa foklifti hauingii. Dereva anachomeka ncha, anainua upande mmoja, anasukuma mpaka uingie. Au mtu anakuja na mtalimbo. Sakafu ya boksi inapinda kwenda juu, kilicho ndani kinapigwa kutoka chini, kisha sakafu inarudi ilivyokuwa na nje huoni kitu.

Uliza: miguu ina kimo gani? Sakafu ina unene gani?

#8 SpanaKumi
Nimepima. Miguu sentimita 5, sakafu sentimita 2. Na chini kuna mikwaruzo miwili sambamba.

#9 RubaniWaFoklifti
Sentimita 5 ni kubana sana. Uma wenyewe una unene karibu na hapo ukifika mzizini. Weka 10 uwe na amani.

#10 JichoKali
Mnapigana bure kama hamjajua ufa ni wa lini. Chukua tochi, tanua ufa kidogo kwa bisibisi bapa, tazama ndani. Alumini iliyopasuka juzi inang'aa, ina chembechembe za kijivu cheupe kama sukari. Iliyopasuka ikiwa bado kwenye gari inakuwa imeingia oili na joto, imekuwa kahawia au nyeusi. Gia boksi iliyotumika inaweza kuwa ilitoka kwenye gari lililogongwa. Hapo hata ungeifunga kwa pamba ingefika imepasuka.

#11 SpanaKumi
Nimetazama. Karibu na tundu la bolti ni nyeusi, kama sentimita mbili. Kuendelea juu ni ya kung'aa. Sijui hata nifurahi au nisikitike.

#12 JichoKali
Nilitegemea hivyo. Ufa mdogo ulikuwepo, safari imeukuza.

#13 MamaSpea
@JichoKali polepole. Sampu na sili ya mbele zinavuja kidogo kidogo njia nzima, na oili inapenda kuingia kwenye ufa mwembamba kama maji kwenye kitambaa. Wiki saba zinatosha kuupaka weusi ufa mpya. Osha kwa dawa ya kusafishia breki na brashi ya meno. Weusi ukiondoka ilikuwa oili tu, ukibaki ndani ya chembe ndiyo tuseme wa zamani.

#14 MbaoNgumu
Mwacheni kidogo na ufa, ameuliza pia afungeje hizo zinazobaki. Nimefunga injini na gia boksi miaka mingi, na jambo ninaloliamini ni hili: kitu kizito kishikwe pale ambapo gari lenyewe lilikuwa linakishika. Mtengenezaji ameshafanya hesabu za pale. Gia boksi ina matundu ya mauntingi (vishikio vya kuifunga kwenye gari) mkiani na matundu ya bolti mdomoni. Tengeneza fremu, ubao mnene au chuma cha kona, uifunge kwa bolti zake zenyewe mbele na nyuma, fremu ifungwe kwenye paleti kwa bolti zinazopenya mpaka chini na washa kubwa. Misumari inachomoka ikitetemeshwa. Mkanda uwe msaidizi tu.

Injini vilevile. Isikalie sampu, hata mara moja. Nina kisa. Nilipokea injini iliyokalishwa kwenye tairi kuukuu, sampu imezama katikati ya tairi, ikaonekana imestarehe. Kumbe chini ya tairi kulikuwa na kipande cha mti, nacho kimeisukuma bati ya sampu kwenda ndani kiasi cha unene wa kidole. Nje inaonekana kama bonde dogo lisilo na maana. Tukaifunga kwenye gari, ikawaka vizuri, taa ya oili ikachelewa kuzima. Ikazima. Siku ya tatu mwenye gari akapanda mlima, ikaanza kugonga. Tulipofungua tukakuta lile bonde limegusa chujio la kunyonyea oili, limeliziba karibu lote. Krankshafti imekwanguka, beringi zimegeuka rangi ya shaba. Injini nzima imekufa kwa sababu ya kipande cha mti. Tangu siku ile, sampu ikiwa na bonde lolote naishusha kabla ya kuwasha.

#15 NyundoLaini
Hapo @MbaoNgumu umenifundisha. Lakini bado nasema iliangushwa.

#16 Dira
Kuna mwongozo wa kupakia mizigo kwenye makontena, wa mwaka 2014, uliotolewa kwa pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa: IMO (la bahari), ILO (la kazi) na UNECE (tume ya uchumi ya Ulaya). Unataka mzigo wa baharini, kwenye maji mabaya, ushikiliwe kiasi kwamba ukisukumwa ubavuni kwa nguvu ya 0.8 ya uzito wake usisogee. Kwa gia boksi ya kilo 80 ni kama kilo 64 zinasukuma kushoto, kisha kulia, kwa saa nyingi. Kwenye lori nako 0.8 kwenda mbele, kwa ajili ya breki. Jiulize kama vipande viwili vya mbao chini ya sampu vinazuia hilo.

#17 NyundoLaini
@Dira hiyo ni meli na lori. Boksi likidondoka bapa kwenye saruji, lile pigo la kufumba na kufumbua ni zaidi ya uzito wake mara nyingi. Hesabu yako haimgusi aliyedondosha.

#18 Kadibodi
Nina nadharia yangu, msinicheke. Nailoni ya mapovu ilikuwa chini ya mkanda, sivyo? Mapovu yanapasuka. Siku unayofunga mkanda umekaza kama waya wa gitaa, wiki moja baadaye mapovu yote yamekuwa karatasi na mkanda umelegea kidole kizima. Kilo 80 zinaanza kutembea: tap, tap, tap. Mkanda si wa kupasua, ni kulegea kwake.

#19 MzeeWaDifu
Kijana ameanza kwa kuweka kambi, sasa anajenga ghorofa. Hoja yako ina uzito. Lakini @SpanaKumi amesema aliikuta imefungwa.

#20 SpanaKumi
Ngoja niseme kwa usahihi, #1 nilipita haraka. Mkanda wa mkiani ulikuwa umelegea, ngumi inapita chini yake. Wa mdomoni ulikuwa bado umekaza mpaka ratcheti ilinisumbua kufungua.

#21 Kadibodi
Mkiani umelegea! Nilisema!

#22 MzeeWaDifu
Na mdomoni umekaza! Nilisema!

#23 TaaMoja
Samahani kwa kuingilia. Mimi shida yangu ni bampa na taa. Bampa la mbele lina sentimita 180 kwa 60 kwa 50 likishafungwa. Lina kilo sita, nikaambiwa nitalipia kilo 108. Nimeibiwa?

#24 Dira
Hujaibiwa. Wanatoza nafasi. 180 mara 60 mara 50 ni 540,000, ukigawa kwa 5000 unapata 108.

#25 JichoKali
Kwa ndege wanagawa kwa 6000, inakuja 90.

#26 Dira
Mko sawa wote wawili. Kampuni za vifurushi vya mlangoni nyingi hutumia 5000, mizigo ya kawaida ya ndege 6000. Kwa meli ni mita za ujazo, hapo ni 0.54. Kwa hiyo kila sentimita ya hewa unayoiacha ndani ya boksi unailipia. Ila usije ukalikunja bampa ili kuokoa nafasi, plastiki inaweka alama nyeupe ya mkunjo na rangi inapasuka.

#27 MamaSpea
@TaaMoja bampa halivunjiki katikati, linavunjika masikio: vile vibanio vya pembeni na vishikizo vya taa. Ndani ya upinde jaza kitu chepesi kinachobana, lisiwe na nafasi ya kujikunja. Masikio yasiguse ukuta wa boksi hata kidogo. Taa nazo hufa kwa vishikio, kioo chenyewe ni nadra. Kila taa boksi lake, kisha maboksi mawili ndani ya moja.

Na kioo cha mbele usikilaze. Kisimame kwa ukingo wake, ndani ya fremu, ukingo wote umekalia kitu laini. Katikati ya kioo kunavumilia, ukingo hauvumilii hata kokoto.

#28 TaaMoja
Asante sana mama.

#29 Kutu
Hakuna aliyegusa unyevu. Kontena mchana linachemka, usiku linapoa, dari linatoa jasho linadondokea mizigo. Mbao mbichi zinaongeza maji yake humo humo. Nimepokea silinda hedi (kichwa cha injini) iliyofungwa nailoni nzito, imebanwa kabisa, ukasema hii imetunzwa. Kuifungua, maji yametuama ndani na viti vya valvu vyote vimekuwa rangi ya tofali.

#30 MbaoNgumu
Nailoni si mbaya, ubaya ni kufungia hewa yenye unyevu humo ndani bila vifuko vya kunyonya unyevu. Paka oili nyembamba, funga karatasi au mfuko wa kuzuia kutu kwa mvuke, weka vifuko, ndipo ubane.

#31 Kutu
Mimi naacha chini wazi ipumue. Nikibana najuta.

#32 MbaoNgumu
Ukiacha wazi mvuke wa kuzuia kutu unatoka nao. Unatupa pesa.

#33 Kutu
Kila mtu na kutu yake basi. Ila kwa silinda hedi naongeza: msiiweke kifudifudi. Kamshafti (mhimili unaosukuma valvu) ikiwa bado imefungwa, siku zote kuna valvu zilizo wazi, zimechungulia nje ya uso wa hedi. Ukiilaza kwa uso wake, uzito wote unakalia valvu mbili tatu, zinapinda. Ilaze ubavu au weka vipande vya mbao kwenye kingo.

#34 Mgeni_Spea
Wakuu, muhuri wa mbao ni lazima? Nimeambiwa hata plaiwudi ipigwe muhuri, na maji ya rejeta niyaache ndani ya injini yasaidie kuzuia kutu.

#35 Dira
Plaiwudi hapana, maji hapana. Mbao ghafi ndiyo.

Kanuni ya kimataifa ya vifungashio vya mbao, ISPM 15, inahusu mbao ghafi, kwa sababu ya wadudu. Zinapashwa joto mpaka kiini cha ubao kifike nyuzi 56 za selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, ndipo zinapigwa alama ya suke la ngano na herufi HT. Plaiwudi tayari imepitia gundi, joto na mgandamizo, haihitaji. Mbao ghafi zenye unene wa milimita 6 au chini nazo zimesamehewa. Lakini angalia miguu ya boksi: watu hujenga kuta za plaiwudi, wakapigilia miguu ya mbao ghafi isiyo na alama, boksi zima linazuiwa.

Maji na oili vyote vitoke. Petroli zaidi: injini ya petroli yenye mabaki inaingia kundi la bidhaa hatari, namba UN 3528. Futa, kausha, ziba kila mdomo kwa kizibo, ndipo umuulize msafirishaji anataka karatasi gani. Na usukani wenye begi la hewa usiutie kimyakimya kwenye boksi la spea. Ule una baruti ndogo ndani, huwa chini ya UN 3268.

#36 Mgeni_Spea
Nilikuwa nimeuweka usukani katikati ya viti. Nautoa leo.

#37 RubaniWaFoklifti
Utoe, tafadhali. Sisi ndio tunaobeba bila kujua.

#38 JichoKali
@SpanaKumi umeosha ufa?

#39 SpanaKumi
Nimeosha mara tatu. Weusi umepungua sana, kumebaki kivuli cha kahawia kama nusu sentimita jirani na tundu. Sehemu iliyokuwa nyeusi juu yake sasa inang'aa.

#40 MamaSpea
Yaani sentimita moja na nusu ilikuwa oili tu.

#41 JichoKali
Na nusu sentimita ni ya zamani. Ufa wote mkubwa ulianza na nusu sentimita.

#42 MzeeWaDifu
Au ni rangi ya sehemu iliyochanjwa na bolti wakati wa kuishusha. Mtu akisahau bolti moja, akapenyeza mtalimbo kati ya injini na gia boksi, mdomo unaumia pale pale. Angalia kama kuna alama ya chuma usoni karibu na tundu.

#43 NyundoLaini
Stika za mshtuko zingetumalizia maneno. Zinageuka nyekundu boksi likipigwa. @SpanaKumi bandika mbili, moja nje na moja ndani.

#44 RubaniWaFoklifti
Nje inasaidia, anayebeba akiiona anakuwa mpole. Lakini nyekundu inakuambia limepigwa, haikuambii nani wala wapi, labda kila anayepokea atie sahihi kwamba ilikuwa nyeupe. Na stika moja inasikia pigo la upande wake zaidi kuliko la upande mwingine.

#45 SpanaKumi
Nimepata kitu. Usiku nimegeuza sakafu ya boksi nikatoa vile vipande viwili vilivyokuwa chini ya sampu. Cha mbele kizima. Cha mkiani kimepasuka kwa urefu wake wote, vipande viwili kamili, na sampu juu yake ina bonde la ukubwa wa sarafu. Alama ya chuma karibu na tundu, @MzeeWaDifu, ipo, ndogo, ila sina uhakika si mimi niliyeikwangua kwa bisibisi nikitanua ufa.

Sampu naishusha leo kuangalia chujio. Zile mbili naziwekea fremu ya @MbaoNgumu, miguu sentimita 10, toki konveta nimeshaikatia kipande cha bapa. Na nimepiga picha kila tundu la mdomo, moja moja, namba ya gia boksi ikionekana pembeni.

#46 NyundoLaini
Ubao umepasuka kwa urefu wote. Mnataka niseme nini tena?

#47 MzeeWaDifu
Ubao hupasuka hata kwa msumari uliopigwa karibu na ncha. Kulikuwa na msumari?

#48 SpanaKumi
Kulikuwa na misumari miwili.

#49 Kadibodi
Ubao ukipasuka mkia unashuka, mkanda wa mkiani unalegea. Hiyo ngumi iliyopita ndiyo hapo.

#50 RubaniWaFoklifti
Ile mikwaruzo ya uma chini ya sakafu inaishia upande gani?

#51 SpanaKumi
Mkiani. Ufa uko mdomoni.